Kila Kitu Kimepanda Nusu

Friji ndiyo iliyoanza. Asubuhi moja niliingia jikoni kutafuta maziwa, nikafungua mlango wake, nikausikia mngurumo, nikaganda pale pale na baridi inanipiga magotini. Friji yetu hunguruma fa, ile noti ya do, re, mi, fa. Imenguruma fa tangu tuinunue, na mimi nimeizoea jinsi mtu anavyozoea mkoromo wa mwenziwe. Asubuhi ile haikuwa fa. Ilikuwa juu kidogo, nusu hatua, yaani umbali ulio mdogo kuliko wote kwenye piano: kutoka kibao kimoja mpaka kile kinachofuata ubavuni mwake.

"Friji inakufa," nilimwambia mke wangu.

Alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, mdomo umejaa pini. Akazitoa. "Inagandisha?"

"Inagandisha."

"Basi iache ife taratibu, mimi nina gauni la mteja."

Nikamwita fundi wa friji. Akaivuta, akapuliza vumbi la nyuma, akagusa hiki na kile, akasema ni nzima kuliko yeye. "Tatizo hasa ni nini, mzee?"

"Imepanda."

"Joto?"

"Sauti."

Alinitazama, akamtazama mke wangu, akakusanya bisibisi zake. Alipotoka mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Kilichopanda humu ndani ni bei ya maziwa," akasema. Mimi sikucheka. Mtu akikwambia moto ni wa baridi, unacheka?

Lazima mnielewe. Watu wananiita Sikio, na jina hilo sikujipa. Nilipewa na mwalimu wa kwaya shuleni, kwa kejeli, siku nilipomwambia mbele ya darasa kwamba ameanzisha wimbo chini. "Sikio halizidi kichwa," alinijibu, na darasa zima likaangua kicheko. Muhula uliofuata alikuwa ananiita mbele nimpe yeye sauti ya kuanzia. Nilizaliwa hivyo. Kijiko kikianguka najua ni noti gani. Gari likipiga honi najua. Wengine wanaona jani ni la kijani na hakuna anayewauliza wamejuaje. Mimi ndivyo nilivyo kwenye sauti.

Kazi yangu yote imejengwa juu ya kitu hicho kimoja. Nilianza kwa kupiga piano kwenye ukumbi wa hoteli, nikiwapigia watu wanaotafuna bila kuinua vichwa. Nikapigia bendi za watu, nikachoka kupiga nyimbo za watu, nikaunda ya kwangu ya watu watatu: mimi kwenye piano, Besi kwenye besi lake, na Bati kwenye ngoma. Jazi, lakini jazi ya kwetu sisi watatu. Tumerekodi albamu kadhaa. Tumepiga kwenye kumbi ambako watu hunyamaza kabla hujagusa kitu, jambo ambalo mara ya kwanza lilinitisha nikadhani wameondoka. Na kutunga kwangu ni kwa namna moja tu. Natembea na wimbo kichwani siku nzima, narudi nyumbani, nakaa, vidole vinakwenda moja kwa moja ulipo. Sipapasi. Kupapasa ni kwa wengine. Ndiyo, najivuna, waliofanya kazi na mimi wameshazoea.

Basi baada ya friji ikafuata birika. Baada ya birika, kengele ya mlangoni. Halafu cherehani ya mke wangu, ambayo akiikanyaga mpaka mwisho hulia fa kamili. Hiyo nayo ikapanda nusu. Nilidhani ni umeme. Nilitoka nje kuitazama mita, kana kwamba mita ingeniambia kitu. Nikaingia kwenye gari nikapiga honi: imepanda. Gari halitumii umeme wa nyumbani. Nilikaa nyuma ya usukani nimechanganyikiwa kabisa, napiga honi tena na tena, mpaka jirani akatoka kuuliza kama nimefungiwa nje.

Mbaya zaidi ilikuwa watu. Sauti ya mke wangu najua inapokaa akiwa ametulia na inapokaa akiwa amekasirika, na kati ya hizo mbili hapana nafasi kubwa. Sasa kila alichosema kilikuwa kimepanda.

"Chai iko mezani."

"Mbona unanifokea?"

"Nani amekufokea?"

"Sasa hivi. Umenifokea."

"Nimesema chai iko mezani, baba watoto. Unataka nikuimbie?"

Akakasirika kweli, nami nikajiona nilikuwa na haki tangu mwanzo. Tuliishi hivyo muda, yeye hajui kosa lake, mimi sijui langu.

Piano ya nyumbani niliiogopa. Nilipoifungua hatimaye, nikagusa fa, ikanijibu kitu kingine. Fundi wa piano akaja na uma wake wa chuma wa kupimia sauti, akaugonga gotini, akaushikiza kwenye mbao, akasema piano iko sawa. Nikamwambia uma wake umechakaa. Aliondoka bila kunywa chai. Ninamwomba radhi hapa, lakini jiwekeni mahali pangu: vyombo vyote vya dunia vimekubaliana kudanganya, na mimi peke yangu ndiye mkweli. Mtu anayefikiri hivyo ana jina lake, nalijua, na lilikuwa limeanza kunijia.

Kisha ikaja siku ya mazoezi.

Kulikuwa na ukumbi mpya unafunguliwa, mkubwa, wa kuta za mbao, na sisi ndio tulioitwa kuufungua. Nilikuwa nimetunga kipande kirefu kwa ajili ya siku hiyo, kinaitwa "Pindo". Nilikitoa kwenye cherehani ya mke wangu: inavyokwenda, inavyosimama kwenye kona, inavyogeuka. Kwa hiyo kiko katika fa, na hakiwezi kuwa mahali pengine.

Bendi yetu ina desturi yake. Besi akifunga nyuzi zake zipate sauti sahihi, hafuati piano wala simu. Anasimama na lile besi lake kubwa lililomzidi kimo, anafumba macho, anasema, "Nipe," nami namwimbia noti ya la kwa mdomo, naye anazungusha vigingi mpaka nyuzi zinifuate. Tumefanya hivyo tangu tukiwa vijana wa kiuno chembamba. Wanamuziki wengine wakituona hudhani ni maonyesho. Si maonyesho. Besi ananiamini mimi kuliko chuma.

"Nipe," akasema siku ile.

Nikampa. Akafunga. Nikakaa kwenye piano, nikahesabu, tukaingia pamoja.

Ilikuwa mbaya kama milango miwili yenye kutu inafunguliwa kwa wakati mmoja. Bati, mpiga ngoma wetu, aliangusha fimbo.

"Piano hii imepanda!" nikasema. "Kama ya nyumbani. Hawa mafundi wanafanya nini siku hizi?"

Bati ni mtu wa mzaha na havumilii ukimya. Akachomoa simu yake, ana programu ya kupimia sauti humo, akaisogeza kwenye piano, akagonga kibao. Akatazama. Akaisogeza kwa Besi, Besi akavuta uzi. Bati akatazama tena, akakipangusa kioo cha simu kwa shati, akatazama mara ya tatu.

"Sema," nikamwambia.

"Piano iko sawa. Besi ndilo liko chini. Nusu."

"Mimi nimefunga pale aliponipa Sikio," akasema Besi. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja alipoweka funguo.

Bati akaiokota fimbo yake. Besi akavirudisha vigingi juu, kimoja kimoja, ananigeuzia mgongo, na mgongo ule ulinichoma kuliko tusi. Tukajaribu "Pindo". Nilikazana kutazama vibao, nikapiga fa, nikasikia iliyo juu ya fa. Moyo ukasema umekosea, mkono ukanitoroka ukashuka kwenye mi, kibao kinachoitangulia fa. Kelele. Nikarudi. Mkono ukashuka tena. Tena. Mikono yangu, iliyokwenda moja kwa moja maisha yangu yote, ilikuwa inapapasa. Nilipoinua uso, Besi alikuwa anaitazama kwa makini sana, mikono, si mimi. Nikasema nina mafua, nikaondoka.

Daktari wa masikio alinifungia kwenye kichumba, akanivisha vitu vya masikioni, nikabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Alipotoka na majibu alikuwa anatabasamu. "Masikio yako ni ya kijana," akasema.

"Basi nina nini?"

Akanieleza. Wapo watu wachache waliozaliwa na kipimo cha sauti kichwani, na kwa baadhi yao, umri ukisogea, kipimo nacho husogea. Sikio ni zima. Ni rula ya ndani iliyohama. Kila kitu kiko palepale kilipokuwa, ila wewe unakisoma juu zaidi.

"Dawa?"

"Hakuna."

"Itarudi?"

"Kwa kawaida hairudi. Yaweza kusogea tena."

Nilikuwa nimekwenda nikiomba niambiwe friji ni mbovu. Nilitoka sijui kama nimshukuru au nimtukane. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini kichwani mwako?

Nilipomweleza mke wangu, alisimamisha cherehani, akasogeza kitambaa. "Kwa hiyo siku zote zile sikukufokea."

"Hukunifokea."

"Na si ugonjwa."

"Ni uzee."

"Basi ni kama mimi na miwani yangu."

"Wewe ukivaa miwani unaona. Mimi nivae nini?"

Akaivua miwani yake, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. Akaniambia niwaeleze wenzangu. "Mficha maradhi kilio humfichua," akasema. Nikakataa. Niliona aibu, sina neno jingine. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya, na sasa nimekipoteza bila hata mwizi. Nikajiwekea nadhiri, nikamwambia yeye peke yake: nitapiga kwenye ukumbi ule. Nikipotea mbele za watu, nafunga kifuniko cha piano na sitakifungua tena. Nimewaona wazee wanaoendelea kupiga kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwaambia. Sitakuwa mmoja wao.

"Na ukifunga kifuniko, utafanya nini?" akauliza.

"Nitakusaidia kuchomoa nyuzi."

"Mungu aepushe," akasema, na hapo tulicheka wote wawili, kidogo.

Nilijifunza upya kama mtoto. Nililaza taulo juu ya nyuzi za piano ili isitoe sauti, nikapiga "Pindo" kimyakimya, mikono peke yake. Ilikwenda! Kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kosa. Nikiondoa taulo, napotea baada ya kona ya kwanza. Nikilirudisha, naweza. Kwa hiyo nilikuwa mpiga piano hodari mradi pasisikike kitu. Nilifikiria kuweka pamba masikioni siku ya onyesho, lakini jazi bila kusikia wenzako ni kuongea kwenye simu iliyokatika: unaweza kuendelea, ila ni wewe na upuuzi wako. Nikaamua nitatazama vidole tu, sitasikiliza. Bado sielewi nilidhani hilo linawezekanaje.

Mazoezi yaliyobaki niliyaahirisha, mara mafua, mara mgongo. Besi hakuuliza. Bati alinipigia simu akaniambia nisijali, ngoma zake hazina fa wala mi, yeye hata nikipiga kinyumenyume hasumbuki. Hiyo ilikuwa namna yake ya kunipa pole.

Ikafika jioni ya ukumbi. Nyuma ya pazia, harufu ya rangi mpya, Bati anazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikamwona Besi kwenye kona, amejiinamia, anafunga nyuzi kwa simu. Hakusema, "Nipe." Nilielewa kwa nini, na niliumia vilevile. Nikajifanya natafuta kitambaa mfukoni.

Tukatoka. Taa zilikuwa kali na watu walikuwa wengi, na walinyamaza. "Pindo" huanza na mimi peke yangu. Nikaweka mikono tayari, nikaitazama, na jasho likaniingia machoni. Nikafumba macho kulikausha. Nikaogopa kuyafumbua. Nikapiga.

Ilikuwa fa.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa fa ile, ya friji, ya cherehani, ya utoto wangu, ilikuwa inakaa pale inapokaa. Nikapiga iliyofuata: iko mahali pake. Na iliyofuata. Macho yangu nimeyafumba, mikono inakwenda moja kwa moja, haipapasi. Nikafika mwisho wa sehemu yangu ya kwanza, na Besi akaingia chini yangu kwa sauti pana, imara, wala hapakuwa na kelele, hapakuwa na milango yenye kutu. Kila sauti ilikaa kwenye kiti chake. Bati akaingia na brashi zake za ngoma, cherehani ikaanza kukimbia, nami nikaanza kucheka. Nilicheka kwa sauti huku napiga. Nimepona! Daktari hajui kitu, rula imerudi yenyewe. Nikaenda kwenye sehemu ya kujitungia papo hapo, nikaenda mahali ambapo sijawahi kwenda na kipande kile, nikapinda ghafla ili niwatege, Besi alikuwa ameshafika. Sijapiga vile tangu nina nywele.

Noti ya mwisho ya "Pindo" ni ndefu. Tunaishikilia wote mpaka inakaribia kufa, halafu tunaikata pamoja, na ili kuikata pamoja sharti nimtazame Besi. Nikafumbua macho, nikamtazama.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia. Haukugusa kitu. Uzi mnene kuliko zote ulikuwa unatetemeka wenyewe, wazi, bila kidole. Besi lina nyuzi nne, na hakuna hata mmoja unaolia fa ukiuacha wazi. Fa lazima uikandamize. Uzi mnene ukiuacha wazi hulia mi.

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa juu ya mi.

Tukaikata. Watu wakasimama, wakapiga makofi, nami nilikuwa nimekaa sijui niko wapi. Kipande chote. Nilikipiga chote nusu hatua chini, nikafuata kichwa changu kibovu, na hawa wawili wakanifuata. Bati akanishika bega. "Inuka tuiname, mzee, watu watadhani umefia hapo." Tukainama. Tukapiga vipande vingine. Sikuthubutu kutazama chini tena, na kila kimoja kililia mahali pake, nami sasa nilijua maana yake.

Chumba cha kubadilishia kilikuwa na kioo kimoja na viti viwili. Bati alitangulia kwenda kusalimia watu. Besi alikaa, ameliegemeza besi lake ukutani, anabandua plasta vidoleni. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa na malengelenge, kama vya mtu anayeanza. Vidole vya Besi ni vigumu kama kisigino. Sijawahi kuviona hivyo.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Ulipogusa ya kwanza."

"Mbona hukunipa ishara?"

"Ningekupaje, na wewe unacheka?"

Nikakaa kwenye kiti cha pili. Nilitaka kumkasirikia na sikupata pa kuanzia. Nikamwambia habari ya daktari, rula, nadhiri, vyote kwa fujo, cha mwisho kikitangulia. Akasikiliza huku anapuliza vidole.

"Niliona mazoezini," akasema. "Mkono wako unashuka mi kila mara. Nikasema, huyu hakosei ovyo ovyo, anakwenda mahali."

"Basi si ungefunga tu nyuzi nusu chini? Vidole vingekaa palepale."

"Na kama leo ungepiga fa ya kweli? Ningekuaibisha. Sikujua utaingilia mlango upi, nikaiacha yote miwili wazi." Akatazama malengelenge yake kama mtu anayetazama kiatu kilichombana. "Nimezishusha zote nyumbani. Si 'Pindo' tu."

"Zote zipi?"

"Zako. Za albamu zote. Kila moja naijua juu na chini. Majirani wamenichoka."

Nilijaribu kuhesabu kichwani nimetunga nyimbo ngapi na nikashindwa. Kazi ya maisha yangu yote, na huyu mtu amekaa chumbani kwake akaihamisha kama mtu anayehamisha nyumba tofali kwa tofali, bila kuniambia, kwa ajili ya jambo ambalo huenda nisingelifanya.

"Niliapa nikipotea naacha," nikamwambia. "Sasa niambie wewe. Leo nimepotea, sikupotea?"

Besi alifikiri. Alifikiri kweli, hakutafuta neno tamu.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi nilikuwa na wewe."

Nikalia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mzee mzima na shati la maonyesho, na Besi hakunizuia wala kunipa kitambaa. Alimaliza plasta, akazikunja, akatafuta pa kuzitupa, hakupaona, akazitia mfukoni.

"Ile yako ya polepole," akasema baadaye, "bado inanisumbua chini. Pale katikati vidole havifiki."

"Njoo kesho nyumbani," nikamwambia. "Tutaitazama."